Nitapata wapi bia nzuri ya ngano humu humu Marekani?

Swali: "Shikamoo kaka. Nilisoma Munich miaka miwili, na huko ndiko nilikojifunza kunywa bia ya ngano, ile yenye ukungu kwenye glasi, inayonukia ndizi na karafuu. Sasa naishi Dallas, Texas. Za Ujerumani zinauzwa hapa, lakini bei yake ni kali, na mara nyingi nazikuta zimeshapoteza harufu. Nimejaribu za hapa hapa Marekani. Budweiser na Coors Light naona kama maji ya baridi. Blue Moon ina ladha ya chungwa. Chupa moja ya kutoka Oregon iliandikwa Hefeweizen kabisa, jina la Kijerumani la bia hiyo, lakini sikusikia ndizi wala karafuu. Je, Marekani hawana bia nzuri ya ngano, au mimi ndiye sijui pa kutafuta? Mwezi wa nane mjomba wangu anakuja kutoka Moshi. Ni mnywaji wa mbege tangu ujana wake, na ningependa kumwonjesha kitu cha maana."

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Wanayo, tena iko karibu nawe kuliko unavyodhani. Tafuta Live Oak Hefeweizen. Inatengenezwa Austin, mwendo wa saa tatu hivi kwa gari kutoka hapo Dallas, na huko Texas inauzwa kwa makopo. Ukitaka, acha kusoma hapa uende dukani, sitakulaumu. Lakini hiyo chupa ya Oregon imenigusa, maana neno lililoandikwa juu yake huwapoteza wengi, na hata mimi lilinipoteza nilipofika nchi hii. Ukishaelewa kilichomo ndani ya chupa ile, hutahangaika tena mbele ya friji la bia, uwe Texas au uwe Maine.

Tuanze na hamira, kwa sababu mkanganyiko wote unaanzia hapo. Mtu akisikia "bia ya ngano" hudhani harufu inatoka kwenye ngano. Haitoki huko. Kazi ya ngano ni kuipa bia ulaini mdomoni, povu zito lisilokimbia, na ule ukungu unaoletwa na protini zake nyingi. Tafuna punje ya kimea cha ngano, utapata utamu wa mkate, basi. Ndizi na karafuu huletwa na hamira, tena si hamira yoyote, bali ukoo mmoja wa hamira ambao Wajerumani wa Bavaria, jimbo la huko Munich, wameutunza kizazi baada ya kizazi.

Hili sikulielewa kwa kusoma. Nilikuwa kibarua kwenye kiwanda kidogo cha bia, naosha matangi na kuzoa machicha. Siku moja fundi mkuu alichota lita 40 za maji ya kimea yaliyokwisha kuchemshwa na kupozwa, akayagawa kwenye ndoo mbili. Nilipoyaonja yalikuwa matamu, mazito kidogo, hayana tofauti kubwa na togwa. Ndoo ya kwanza akaitia hamira ya Kibavaria, ya pili akaitia hamira ya Kimarekani, akazifunika, akaniambia nisiziguse. Siku ya nne akanifunulia. Ndoo ya kwanza ilinipiga usoni na harufu ya chumba kilichofungiwa mkungu wa ndizi ili uive, na nyuma yake karafuu, kama vile kuna mtu amepita na kikapu chake akaacha harufu mlangoni. Ya pili nikanusa, nikanusa tena, nikapata unga, mkate, na ganda la limau kwa mbali. Ngano ni ile ile, maji ni yale yale, moto ni ule ule. Tangu siku hiyo nikipewa bia ya ngano swali langu la kwanza ni hamira gani imetumika.

Kwa kuwa umeniuliza kama mtu anayetaka kujua, nikueleze kidogo kinachotokea. Hamira ya Kibavaria ikila sukari hutoa kitu kinachoitwa isoamili asetati, na hicho ndicho hasa kinachoipa ndizi mbivu harufu yake. Pua yako kule Munich haikukudanganya. Ulinusa ndizi kweli, ingawa hakuna hata chane moja iliyoingia kiwandani. Karafuu ina njia yake nyingine. Ndani ya nafaka kuna asidi ya feruliki, na hamira hii ina uwezo wa kuigeuza ikawa kemikali iliyo jamaa wa karibu wa yujenoli, ile inayozifanya karafuu za Pemba zinukie. Fundi makini huanza kwa kuloweka kimea kwenye maji ya nyuzi 45 hivi za Selsiasi kwa muda mfupi, ili asidi hiyo itoke kwa wingi, ndipo apandishe moto. Wakati wa kuchachusha ana uamuzi mwingine. Akiiachia hamira joto zaidi, ndizi inapanda. Akiibana kwa baridi, ndizi inatulia na karafuu inapata nafasi. Ndiyo maana kule Munich uliweza kunywa bia mbili za ngano za mji mmoja ukaona kila moja ina tabia yake.

Wajerumani wamelinda jambo hili kwa sheria. Bia ikiitwa Weissbier, jina lingine la bia hiyo ya ngano, angalau nusu ya kimea chake lazima iwe ngano. Zamani ulinzi ulikuwa mkali zaidi, maana haki ya kuitengeneza ilikuwa mali ya ukoo wa watawala wa Bavaria peke yao, mpaka fundi wa bia Georg Schneider alipoipata mwaka 1872. Marekani jina Hefeweizen halimlazimishi fundi kutumia hamira ya Kibavaria. Fundi anaweza kuandika Hefeweizen juu ya bia yoyote ya ngano isiyochujwa, na hajavunja kitu.

Sasa turudi Oregon. Bia ya huko yenye jina hilo iliyo maarufu kuliko zote ni ya ndugu wawili, Kurt na Rob Widmer, waliofungua kiwanda Portland mwaka 1984. Bia yao ya kwanza ilikuwa Altbier, ya mtindo wa mji wa Düsseldorf huko Ujerumani, na hamira waliyokuwa nayo ilikuwa ya bia hiyo. Baadaye wakaongeza bia ya ngano iliyochujwa ikawa angavu. Mwaka 1986 mwenye baa moja mjini, Dublin Pub, akawaomba bia ya tatu. Hawakuwa na tangi la kuitengenezea. Wakachukua ile ile ya ngano, wakaitia kwenye mapipa kabla ya kuichuja, ikatoka na ukungu wake. Kwa Kijerumani "hefe" ni hamira na "weizen" ni ngano, na kweli vyote viwili vilikuwamo, kwa hiyo jina likakaa. Ila hamira yenyewe ilikuwa ile ya Altbier, ambayo kazi yake ni safi, haiachi ndizi wala karafuu. Watu wa Portland wakaipenda, kipande cha limau kikining'inia kwenye ukingo wa glasi, na viwanda vingine vikafuata. Hivyo ndivyo ulivyozaliwa mtindo mzima wa Hefeweizen ya Kimarekani, kutokana na upungufu wa tangi moja.

Kwa hiyo chupa yako haikuwa mbovu. Ulikuwa umeshika bia ya ukoo mwingine huku ukisubiri sura ya ukoo unaoujua.

Ukoo huo wa bia za ngano za Kimarekani nakuomba usiupite haraka. Ukiupima kwa kipimo cha Munich utaudharau bure. Kabla hata ya bia hiyo ya Portland, ulikuwa umeanza San Francisco, ambako kiwanda cha Anchor kilitoa bia ya ngano mwaka 1984, miongoni mwa za kwanza nchini humu tangu marufuku ya pombe ya 1920 hadi 1933. Kiwanda hicho, ambacho mizizi yake ni ya 1896, kilifunga milango mwaka 2023, na habari hiyo iliniuma kama msiba wa jirani. Ninayoiweka nyumbani majira ya joto ni Boulevard Unfiltered Wheat ya Kansas City, Missouri. Kileo chake ni asilimia 4.4 tu, ladha yake ni mkate mweupe uliotoka jikoni na limau kidogo, na imepikwa kando ya jimbo la Kansas ambalo ngano ndiyo maisha yake. Ni bia ya mtu aliyekata nyasi za uwanja wake juani, akaketi kivulini, akavua viatu. Haikuombi uifikirie.

Oberon ya Bell's, Michigan, ni nzito kuliko hiyo, asilimia 5.8. Ina ladha ya chungwa na viungo kidogo, lakini hakuna tunda lililotiwa humo. Ni hamira yao na hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu. Larry Bell aliianza mwaka 1992 kwa jina la Solsun, baadaye ikabadilishwa. Hutoka mwezi wa tatu, na watu wa Michigan huipokea kama tangazo kwamba baridi imeondoka, hata kama theluji bado iko mlangoni. Halafu kuna Gumballhead ya Three Floyds, kutoka Munster, Indiana. Hawa walichukua bia ya ngano wakaimwagia hopsi za aina iitwayo Amarillo hadi ikanukia maua na machungwa. Ukiwa na rafiki anayependa bia chungu zenye hopsi nyingi, mpe hiyo, mtaelewana. Chicago wana 312 ya Goose Island, nyepesi, jina lake likiwa namba inayotangulia simu za mji. Inakata kiu, na sina zaidi la kusema juu yake.

Blue Moon ni ukoo wa tatu, wa Kibelgiji. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kisa chake kinapita Texas kwenu.

Katika kijiji cha Hoegaarden huko Ubelgiji, bia nyeupe ya ngano ilikuwa imekufa kabisa. Pierre Celis, aliyekuwa muuza maziwa, akaifufua mwaka 1966, akitumia ngano isiyofanywa kimea, mbegu za giligilani na maganda ya machungwa makavu. Leo dunia nzima inaijua. Kiwanda chake kiliungua, akaingiza wenye mitaji, mwishowe kikawa si chake. Mzee huyo hakukata tamaa. Akavuka bahari akaanza upya Austin mwaka 1992, akapika Celis White hapo hapo Texas. Kiwanda hicho nacho kikauzwa kwa kampuni kubwa na baadaye kufungwa, lakini alikuwa ameshawafundisha Wamarekani kwamba giligilani si kiungo cha mchuzi peke yake. Keith Villa, aliyesomea utengenezaji wa bia Brussels hadi shahada ya uzamivu, akatoa Blue Moon mwaka 1995 katika kiwanda kidogo kilichomo ndani ya uwanja wa besiboli wa Denver, chini ya kampuni ya Coors. Alitumia ganda la chungwa tamu badala ya lile chungu la Wabelgiji, na akaanza desturi ya kukata kipande cha chungwa kwenye glasi. Kwa hiyo chungwa ulilolisikia liliwekwa kwa makusudi, tangu kwenye sufuria hadi kwenye ukingo wa glasi.

Kama ladha hiyo haikukuchukiza bali ilikukosesha ulichokitarajia tu, ipe nafasi Allagash White. Inatoka Portland pia, ila hii ni Portland ya Maine, pwani ya mashariki. Ile ya Oregon ilipewa jina kwa kuifuata hii. Rob Tod aliianza mwaka 1995, mwaka ule ule wa Blue Moon. Ndani yake giligilani na chungwa vimo, lakini vimetulia. Hupati kimoja kikipiga kelele juu ya mwenzake. Imekauka vizuri mwishoni, haikuachii sukari ulimini, na unywaji wa pili ni mtamu kuliko wa kwanza. Ukiniambia nichague bia moja tu ya ngano kati ya zote za Marekani, bila kujali Munich, nitachagua hiyo bila kusita.

Hebu nikuambie jambo juu ya neno "hapa hapa", maana lina mtego. Kwenye orodha ya baa nyingi za Marekani utaona sehemu ya bia za nyumbani, na maana yake ni Budweiser, Miller, Coors na jamaa zao, basi. Bia za ngano huwa zimepangwa sehemu nyingine kabisa. Ukimwomba mhudumu bia ya ngano "ya nyumbani" anaweza kukuambia hakuna, kumbe mabomba manne nyuma yake yana za Texas. Mwulize moja kwa moja: ipi ni ya ngano, na imetengenezwa wapi. Umiliki nao umechanganyika. Anheuser-Busch yenyewe, wenye Budweiser, ilinunuliwa na InBev ya Ubelgiji mwaka 2008, na Goose Island ikaingia humo 2011. Boulevard iko mikononi mwa Duvel Moortgat, Wabelgiji wengine. Bell's ilikwenda kwa kampuni iliyo chini ya Kirin ya Japani, na Widmer mwaka 2023 ilinunuliwa na Tilray ya Kanada. Mimi huhesabu mahali sufuria ilipo. Kama kwako mwenye mali naye ni muhimu, Live Oak na Allagash bado ni viwanda huru.

Na hizo ulizoziita maji ya baridi, nizitetee kidogo. Wahamiaji wa Kijerumani walipofika Marekani karne ya 19 walikuta shayiri ya huku ina protini nyingi, bia ikawa nzito na yenye ukungu wasioutaka. Wakachanganya mahindi na mchele ili iwe nyepesi na angavu, na Budweiser hutumia mchele hadi leo. Ni laga, ukoo mmoja na Kilimanjaro na Tusker unazozijua. Bia isiyo na harufu kali haina pa kuficha kosa, kwa hiyo kuipika ikawa ile ile kila siku, katika viwanda vilivyotapakaa nchi nzima, ni ufundi ninaouheshimu. Ila hamira yake imechaguliwa iwe kimya. Ndizi uliyoizoea Munich hutaipata humo hata ukinywa kreti nzima.

Sasa, kuhusu zile za Ujerumani unazozikuta zimepoteza harufu, uko sahihi kabisa, wala si kwamba umezizoea. Ile isoamili asetati haidumu, hasa bia ikipigwa na joto. Bia inasafiri baharini, inakaa ghalani, inasubiri rafuni, na mpaka inakufikia ndizi imeshaondoka, umebaki utamu wa asali iliyochakaa na harufu ya boksi. Hii ndiyo sababu kubwa ya kunywa ya hapa: bia ya Austin ya wiki tatu itaishinda bia bora ya Bavaria ya miezi tisa.

Kwa hiyo dukani fanya hivi. Chukua kopo, ligeuze, tazama chini. Utaona tarakimu ndogo za wino, mara nyingine zimefifia hadi uziinamishie kwenye mwanga. Viwanda vingine huandika siku bia ilipofungwa, vingine siku ya mwisho ya kuinywa, kwa hiyo soma maneno yaliyo kando yake. Na kumbuka Wamarekani huanza na mwezi. 03/08 kwao ni tarehe 8 Machi, si tarehe 3 Agosti. Nimewaona watu wetu wakibeba bia ya miezi mitano wakidhani ni ya juzi. Kwa bia ya ngano ya Kibavaria mimi sipendi kupita miezi mitatu tangu ifungwe. Chagua iliyo ndani ya friji badala ya iliyopangwa sakafuni, na usiliache kopo ndani ya gari. Agosti ya Dallas hupita nyuzi 35 kivulini, na ndani ya gari ni tanuri.

Kuhusu Live Oak yenyewe. Kiwanda kilianza 1997, kwa miaka mingi wakiuza bia ya pipa tu kwenye baa, ndiyo maana sifa yake ilichelewa kutoka nje ya Texas. Sasa kiko karibu na uwanja wa ndege wa Austin, mahali penye miti mikubwa na bustani ya kukaa. Hefeweizen yao wanaifanya kwa njia ya Kibavaria bila njia za mkato. Ukilifungua kopo, kabla hujamimina, sogeza pua. Ndizi inatangulia, karafuu inafuata, na nyuma yao kuna kitu kama vanila na mkate. Mdomoni ni nyepesi kuliko harufu yake inavyokutisha. Si nakala ya ile ya Weihenstephan, kiwanda cha kale cha Bavaria, na sitaki ufike nayo mezani ukiwa na rula. Lakini ni ndugu wa damu, na hilo ndilo ulilokosa Oregon.

Mimina kama ulivyofundishwa Munich. Suuza glasi ndefu kwa maji baridi, iinamishe, mimina polepole ukingoni, kisha isimamishe povu lipande. Bakiza vidole viwili ndani ya kopo, lizungushe taratibu mpaka hamira iliyolala chini iinuke, ndipo umalizie juu. Utaiona ikishuka ndani ya glasi kama wingu la mvua, na rangi inageuka kutoka dhahabu hadi embe bivu. Usinywe ikiwa baridi ya kuuma meno. Itoe kwenye friji dakika 10 kabla, la sivyo harufu yote itabaki imefungwa. Baa ikikuletea na limau, liweke pembeni. Mafuta ya ganda lake huvunja povu, na ukali wake hufunika karafuu. Kwa Boulevard sina ugomvi na limau. Kwa hii ninao.

Ukikosa Live Oak, usinunue kwa kubahatisha. Dallas na Fort Worth mna viwanda vingi vidogo vyenye baa ndani yake, na majira ya joto vingi hupika bia ya ngano ya pipa. Ukifika, usiulize kama wana Hefeweizen, maana jibu lake halikusaidii. Uliza: hamira yenu ni ya Kibavaria au ya Kimarekani? Mhudumu asipojua atamwita fundi, na mafundi hulipenda swali hilo, huenda ukaonjeshwa bure. Akikutajia hamira ya Weihenstephan, au namba 3068 au WLP300, majina ambayo hamira hiyo huuzwa kwayo, kaa chini, umefika. Akisema 1010 au WLP320, ujue ni ule ukoo safi wa Oregon. Na siku moja ukipata nafasi, nunua hamira hiyo upike mwenyewe. Sheria ya nchi inaruhusu tangu Rais Carter alipotia sahihi mwaka 1978, mtu mzima mmoja kufikia galoni 100 kwa mwaka kwa matumizi ya nyumbani. Ukiweza kupika togwa, umeshafika nusu ya safari.

Nimemwacha mjomba mwisho kwa sababu ndiye aliyenifurahisha kuliko yote. Watu wengi wangemkimbizia Budweiser kwa kuwa ina jina. Usifanye hivyo. Mzee aliyekulia kwenye mbege amezoea kinywaji kizito chenye ukungu, kisichochujwa, cha ndizi mbivu na ulezi, kilichokazwa uchungu kwa gome la msesewa, kinachonywewa kwenye kata huku bado kinachemka chemka. Mdomo wake uko karibu na Bavaria kuliko wa Mmarekani wa kawaida. Ukungu hautamshangaza, mashapo ya hamira hayatamkera, na harufu ya ndizi ataitambua kabla glasi haijafika mdomoni. Uchachu wa mbege hataupata, hilo mwambie mapema asije akadhani bia haijaiva.

Muwekee Live Oak mbili na Allagash White moja. Anza na Live Oak, umimine mbele yake pamoja na wingu lake, isiwe baridi sana, na ale kitu, nyama choma au hata ndizi za kuchoma mkizipata. Allagash ije baadaye, jua likishuka. Na kabla hujamweleza habari za hamira, mwache anywe mafunda mawili matatu, kisha umwulize ni ndizi ya aina gani wametia humo.